Naunda PC ya gemu ya milioni 12 hapa Kampala, naombeni ushauri wa vifaa kabla sijatoa pesa

rubani_wa_kireka:

Habari zenu wakuu, poleni na kazi. Mimi nipo Kireka, kazi yangu ni video, harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho) karibu kila wikendi, na usiku nikishamaliza kazi mi ni mtu wa gemu, hasa Microsoft Flight Simulator 2024, yaani nikitua Entebbe na mvua ya ziwa inapiga kioo hapo nimeridhika kabisa, alafu na gemu kubwa za hadithi, na Counter-Strike na majamaa tukipata nafasi. Sasa SACCO yetu imenipitishia mkopo na nilikuwa na akiba pembeni, jumla nina milioni 12, kama dola elfu tatu na kitu hivi. Nataka PC moja ya nguvu itakayokaa miaka mingi, na kuunda naunda mwenyewe.

Nilivyopanga mpaka sasa ni prosesa Ryzen 7 9800X3D, kadi ya picha (GPU) natamani RTX 5090 na ikishindikana basi 5080, madabodi ya X870E, RAM 64GB kwa vijiti vinne vya 16, SSD ya PCIe 5.0 ya 2TB, pawa saplai ya wati 850, kipoza cha maji chenye radieta ya 360 na kesi ya vioo pande mbili. Monita ninayo ya 1080p ya zamani, nilisema nitaendelea nayo kwanza.

Naombeni mniambie wapi napoteza pesa. Alafu huku mtaani umeme unakatika bila taarifa na ukirudi unarudi kwa kishindo, hilo linaninyima raha. Na vitu hivi ninunue hapa mjini ama niagize Dubai?

fundi_wa_bombo:

Karibu kijana wangu. Prosesa umechagua vizuri na hapo sina neno. Hiyo 9800X3D ilitoka Novemba 2024, ina koa 8 tu, yaani vichwa vya kufanyia hesabu, lakini ina kashe ya L3 ya 96MB, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na Flight Simulator ni gemu inayopenda kashe kuliko kitu chochote, kila sekunde inahesabu ndege, hewa, majengo, ndege za watu wengine angani, na data ikikaa karibu na koa prosesa haiendi kuisubiri RAM. Tena kwenye hii AMD wameiweka kashe chini ya koa, kwenye 7800X3D ilikuwa juu, ndio maana hii inapoa vizuri zaidi na inakimbia kasi zaidi.

Tatizo langu ni hiyo monita. Kijana, huwezi kuweka 5090 ama hata 5080 nyuma ya monita ya 1080p. 1080p ni pikseli milioni 2 na kidogo, 1440p ni milioni 3.7, 4K ni milioni 8.3. Kwenye 1080p kadi kubwa itakaa inasubiri prosesa, utakuwa umelipa mamilioni kwa kitu ambacho macho yako hayakioni. Monita ndio inaamua GPU, kwa hiyo anza nayo. Kwa mtu wa ndege na gemu za hadithi mi ningekwambia 4K inchi 32, ama kama pesa inabana 1440p inchi 27 ya OLED, ile skrini ambayo kila pikseli inajiwasha yenyewe, na hiyo 1440p ya OLED nayo ni kitu kizuri sana, weusi wake ukirusha ndege usiku utashangaa.

5090 iache. Ilitangazwa kwa dola 1,999 Januari 2025 na madukani imekuwa ikiuzwa juu ya hapo, maana yake zaidi ya nusu ya milioni zako 12 imeishia kwenye kadi moja, na bado haijafika Kampala. Inakula wati 575 peke yake, Nvidia wenyewe wanasema pawa saplai isipungue 1000, wewe umeandika 850. Ukichukua 5080 ni wati 360 na bei yake ya kutangazwa ilikuwa dola 999. Tofauti hiyo ndio monita, ndio UPS, ndio usingizi wako.

Madabodi X870E ya nini? Ile namba kubwa unalipia USB4 na njia nyingi za SSD. B850 nzuri yenye vipoza vya chuma juu ya sehemu ya umeme inaibeba 9800X3D bila jasho. Soketi ni ile ile AM5, na AMD wameahidi kuitunza angalau mpaka 2027, kwa hiyo baadaye unatoa prosesa unaweka mpya bila kung'oa kila kitu.

dada_wa_pikseli:

Nakubaliana na mzee hapo juu kwa mengi ila mimi nauliza swali moja, wewe rubani unarekodi na kamera gani na kwa mpangilio upi? Manake watu wanaongea gemu tu humu na huyu mtu chakula chake ni video.

rubani_wa_kireka:

Asante mzee, nimekuelewa kwenye monita. Dada, nina Sony mbili, narekodi 4K ya biti 10 4:2:2, ule mpangilio unaohifadhi rangi nyingi, naediti kwenye DaVinci Resolve. Kwa laptop niliyonayo sasa klipu zikikatakata kwenye taimulaini mpaka natengeneza proksi, yaani nakala nyepesi, za kila kitu ndio kazi iende.

dada_wa_pikseli:

Basi jibu lako lipo hapo hapo, na usiruhusu mtu akutoe. Hiyo 4:2:2 ya biti 10 ndiyo inayoitesa laptop yako, kwa sababu kadi nyingi haziwezi kuifungua zenyewe, kazi yote inarudi kwa prosesa. RTX 4000 na zile za nyuma yake zilikuwa haziwezi. Kuanzia RTX 5000 Nvidia wameweka uwezo wa kufungua na kufunga 4:2:2 ndani ya kadi yenyewe, kwa hiyo 5080 ama hata 5070 Ti itakupitishia zile klipu za Sony bila proksi. Mtu asikudanganye na 4090 ya mtumba eti ina GB 24, kwa gemu ni kadi kali kweli lakini kwa kamera zako inakosa kile unachohitaji. Tena hizo 4090 za mtumba kuwa nazo makini sana, kuna zinazozunguka duniani zimeshang'olewa chipu zikabaki ganda na feni, usilipe kabla hujaiona inawaka na inakimbiza gemu mbele yako.

Kwenye RAM. 64GB ni sawa, kwa video na kwa Flight Simulator, hata watengenezaji wa hiyo gemu wenyewe kwenye kiwango chao cha juu wameandika 64GB. Lakini vijiti vinne hapana. AM5 ikibeba vijiti vinne vya DDR5 inachoka, kiwango rasmi cha AMD kwa vinne kinashuka mpaka 3600, wakati viwili vya 32 ukiwasha EXPO, ule mpangilio wa kasi ya RAM kwenye madabodi, vinaenda 6000 kwa CL30 bila shida. Ni RAM ile ile kwa GB lakini kwa kasi ni vitu viwili tofauti. Ujue pia bei ya RAM toka mwisho wa 2025 imepaa vibaya, viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya AI kwanza, sisi wa nyumbani tunapewa kinachobaki. Kwa hiyo ukiikuta 64GB ya bei ya kueleweka inunue hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kesi na feni hazikimbii.

SSD ya PCIe 5.0 achana nayo. Ya 4.0 nzuri kama Samsung 990 Pro ama WD Black SN850X inasoma MB 7,000 na zaidi kwa sekunde, kwenye gemu huwezi kutofautisha kwa macho. Hiyo tofauti ya bei chukua SSD mbili, moja ya mfumo na gemu, nyingine ya kazi za wateja peke yake. Kazi ya harusi ya mtu haikai diski moja na gemu, hilo mimi silegezi.

kijana_wa_tororo:

Wakuu mi napinga kidogo. Kila mtu 5080 5080, mbona hamsemi RX 9070 XT ya AMD? Ilitoka Machi 2025 kwa dola 599, ina GB 16 sawa sawa na 5080, wati 304 tu, na kwa mtu wa 1440p inapeleka kila kitu juu kabisa. FSR 4, teknolojia ya AMD ya kukuza picha, imekaribia DLSS ya Nvidia sana sasa hivi, picha haikwaruzi kama zamani. Ile dola 400 inayobaki ananunua monita ya OLED bila kukopa. Mimi ninayo na nacheza safi kabisa, na kadi ya milioni nyingi kwa huku kwetu ambako hata ikiungua hakuna wa kukubadilishia siku hiyo hiyo, mi naona ni hatari tu.

Alafu kitu kingine watu hawakisemi, kwa Counter-Strike na gemu za mtandaoni kadi haipunguzi pingi, ule ucheleweshaji wa mtandao. Seva ya karibu yetu iko Johannesburg, ukikosa hapo unatupwa Ulaya ama Uarabuni, kwa hiyo usinunue kadi ukitegemea kushinda mechi, lipia faiba nzuri na uvute waya wa mtandao kutoka kwa rauta, wifi ya chumba cha tatu itakuangusha.

dada_wa_pikseli:

Kijana wa Tororo kwa gemu tupu nakuunga mkono mia kwa mia, 9070 XT ndio kadi ambayo ningemwambia mdogo wangu anunue, na hilo la waya wa mtandao ni kweli tupu, Flight Simulator 2024 nayo inavuta ramani na majengo kutoka mtandaoni muda wote ukiwa hewani. Ila huyu ana 4:2:2 na ana Resolve, na hiyo 9070 XT haifungui 4:2:2. Kama bajeti inabana ashuke 5070 Ti, GB 16 zile zile, wati 300, ilitangazwa dola 749, na uwezo wa video anabaki nao. Mi hapo ndio naona pesa yake inakaa vizuri zaidi kuliko hata 5080 kama atabaki 1440p. Akienda 4K basi 5080.

kijana_wa_tororo:

Sawa dada, kwa video nimekubali, hiyo sikuwa nimeiangalia kwa upande wake. 5070 Ti na OLED ya 1440p, hapo hata mi napiga saini.

mtu_wa_nguzo:

Ndugu rubani, mimi ni fundi umeme, niko Mukono, hili la umeme naomba unisikilize kwa makini kwa sababu nimeona mashine nyingi nzuri zikifa bure.

Kwanza elewa kinachoua. Watu wanadhani ni umeme kupungua. Pawa saplai nzuri za siku hizi zinakubali volti 100 mpaka 240, kwa hiyo umeme ukishuka mpaka 190 mashine yako haijali. Inayoua ni ile dakika umeme unaporudi, mtaa mzima friji na pasi na mashine za kusaga zote zinavuta kwa pamoja, voltiji inaruka juu na chini mara kadhaa kabla ya kutulia, na ya pili ni radi, na sisi huku karibu na ziwa radi tunazo mwaka mzima.

Kwa hiyo panga hivi. Kutoka ukutani weka AVS, kile kiboksi ambacho umeme ukiwa mbaya kinakata na ukirudi kinasubiri utulie kwanza ndio kinaachia. Baada ya AVS weka UPS, na baada ya UPS ndio PC na monita, basi, usichomeke hapo pasi ama printa ya leza. UPS usinunue kwa kuangalia VA. VA sio wati, ile ya bei rahisi imeandikwa 1000VA mara nyingi inabeba wati 600 tu ama hata pungufu. Mashine yako na 5070 Ti ama 5080 ukiwa ndani ya gemu nzito inavuta kama 450 mpaka 550, weka na monita. Tafuta 1500VA yenye wati 900, na uulize kabisa kama inatoa wimbi safi, wenyewe wanaita pure sine wave, kwa sababu pawa saplai za kisasa zina PFC hai, saketi inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme, na baadhi yake zikipewa wimbi la ngazi ngazi kutoka UPS ya bei poa zinajizima pale pale, yaani una UPS na bado mashine inazima umeme ukikatika. UPS kama hiyo itakupa dakika chache, zinatosha kuseva kazi na kuzima kwa utaratibu. Ukitaka kuendelea kucheza gizani hiyo ni habari ya inveta na betri kubwa, bajeti nyingine kabisa.

Alafu waya wa athi, ule unaopeleka umeme wa ziada ardhini. Nyumba nyingi za kupanga plagi ina matundu matatu lakini lile la athi halijaunganishwa na kitu. Ukigusa kesi ya chuma ukasikia vidole vinatetemeka ujue athi haipo. Mwite fundi apime, akupigie fimbo ya shaba chini kama haipo, ni kazi ndogo. Bila athi hata kizuia radi cha bei gani hakina pa kuupeleka umeme wa ziada.

Na radi ikianza kupiga chomoa ukutani, chomoa na waya wa mtandao pia, wengi wanaokoa pawa saplai alafu umeme unaingia kupitia rauta unaua madabodi.

Kuhusu yunti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, wati 500 kwa masaa manne ni yunti 2. Ukijua hivyo utapiga hesabu yako mwenyewe ya mwezi.

fundi_wa_bombo:

Mtu wa nguzo amesema yote, mimi naongeza la vumbi na joto tu. Kampala hatuna joto la kutisha lakini vumbi la murramu tunalo, na Kireka nakujua. Kesi ya vioo pande mbili inapendeza kwenye picha ila hewa inapita kwa shida. Chukua kesi yenye uso wa wavu na vichujio vinavyotoka kwa urahisi, weka feni tatu mbele zinaingiza na moja nyuma inatoa, hewa inayoingia ikiwa nyingi kuliko inayotoka vumbi halipenyi kwenye vinyufa, linabakia kwenye vichujio ambavyo unaviosha kila wiki mbili.

Kipoza cha maji mi nakukatalia, sio kwa ubaya. 9800X3D imeandikwa wati 120 na kwenye gemu mara nyingi haifiki hata hapo, kipoza cha hewa cha minara miwili kama Thermalright Peerless Assassin kinaitosha na bei yake ni ndogo sana. Kipoza cha maji kina pampu, pampu ikifa Ijumaa usiku na Jumamosi una harusi ya kukabidhi, utaitoa wapi? Cha hewa kikiharibika ni feni, na feni unaipata mjini siku hiyo hiyo. Pima tu urefu, hivi vinafika milimita 155 na zaidi, kesi nyingine nyembamba hazikubali, na kadi nazo ni ndefu, 5080 za feni tatu nyingi zinapita milimita 300.

mzigo_wa_nakasero:

Kuhusu kununua, mi nimeagiza vitu vya namna hii kwa watu kwa muda mrefu, nakupa ninavyoviona. Gawa manunuzi yako. Vitu vizito na vikubwa nunua hapa, kesi, UPS, AVS, hata monita ukiipata kwa bei nzuri, kwa sababu wasafirishaji wa ndege hawapimi kilo tu, wanapima na ukubwa wa boksi, kesi tupu inaweza kulipiwa kama mzigo mzito. UPS ina betri ya risasi ndani, kuipandisha ndege ni usumbufu. Monita nayo panel ikivunjika njiani ni maneno marefu.

Vitu vidogo vya bei kubwa, prosesa, RAM, SSD, hivyo ndio vya kuagiza. GPU iko katikati. Dubai kuna chaguo nyingi na bei wanayoandika dukani ina VAT yao ya 5% ndani, Marekani bei unayoiona mtandaoni bado haina kodi ya jimbo, wengi wanalinganisha hizo bei mbili kama vile ni kitu kimoja. Hapa kwetu muulize msafirishaji kabla hujalipa, bei aliyokupa VAT ya 18% imo ama haimo, na akuandikie, asikwambie kwa mdomo. Nimeona mtu amepigiwa hesabu tamu mwanzo alafu mzigo umefika Entebbe anaongezewa hili na lile.

Na waranti. Waranti ya kadi mara nyingi iko kwenye nchi ilikonunuliwa, ikifa unairudisha kwa gharama yako na unakaa wiki kadhaa bila mashine. Kwa hiyo duka la Kampala likikuuzia ghali kidogo lakini linakupa risiti yenye namba ya utambulisho wa kadi (serial number) na miezi 12 ya kubadilishiwa hapa hapa, mimi ningelipa hiyo tofauti kwenye GPU bila kulalamika. Prosesa ni nadra kufa, hiyo agiza.

Sanduku likifika rekodi video ukilifungua, kuanzia lebo ya msafirishaji mpaka kadi imetoka kwenye mfuko wake. Wewe kamera unazo, hiyo haikugharimu kitu.

rubani_wa_kireka:

Wakuu nashukuru sana, webale nyo kila mmoja. Nimekaa na kalamu na nimebadilisha karibu kila kitu. Sasa ni 9800X3D, 5070 Ti kutoka duka la hapa lenye waranti, B850, 64GB kwa vijiti viwili vya 6000 CL30, SSD mbili za PCIe 4.0 za 2TB na 1TB, kipoza cha hewa, kesi ya wavu, pawa saplai ya 850 Gold, monita ya OLED 1440p inchi 27, AVS na UPS ya 1500VA. RAM nimeshailipia jana kama dada alivyosema. Fundi wa athi anakuja Jumamosi asubuhi kabla sijaenda kazini.

Maswali mawili ya mwisho. Hiyo 850 inatosha kwa 5070 Ti? Na hii OLED, nasikia inaungua picha, mimi Resolve inakaa wazi masaa mengi na zile menyu hazisogei.

dada_wa_pikseli:

850 inatosha vizuri, kwa hiyo kadi Nvidia wanataka 750. Hakikisha tu ni ya kiwango cha ATX 3.1 na ina waya wake wenyewe wa 12V-2x6 kwenda kwenye GPU, usitumie adapta ya kuunganisha unganisha.

Kuhusu OLED wasiwasi wako ni wa haki. Menyu za Resolve zikikaa masaa nane kila siku mahali pamoja zitaacha alama, baada ya muda mrefu lakini zitaacha. Kwa hiyo ile monita yako ya zamani ya 1080p usiiuze, iweke pembeni, menyu na mafolda zikae huko, OLED ionyeshe picha yenyewe. Ficha upau wa chini wa Windows, weka mandhari nyeusi, mwangaza usipandishe mpaka mwisho, na ile kazi ya kusafisha pikseli inayojitokeza ukiwa umeizima monita iache imalize, kwa hiyo usizime UPS ukutani usiku kila siku. Na soma waranti yao, zipo kampuni zinazokubali miaka mitatu ya kuungua picha, nyingine hazitaji kabisa, chagua iliyotaja.

fundi_wa_bombo:

Vizuri sana kijana. Sasa ya kuunda yenyewe, mambo machache yanayowatisha wanaoanza.

Kabla ya kufunga kila kitu kwenye kesi, washa kwanza juu ya boksi la madabodi, prosesa na kipoza na RAM tu, hiyo prosesa ina grafiki ndogo ndani inatosha kukuonyesha picha. Ukiwasha mara ya kwanza skrini itabaki nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka na hakuna kitu, hapo madabodi inajifunza RAM, DDR5 ndivyo zilivyo na 64GB inachukua muda zaidi. Usizime. Watu wengi wanazima hapo, wanawasha, wanazima, mwisho wanairudisha dukani wakisema imekufa.

Ikishaonyesha picha, kitu cha kwanza ni kusasisha BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi, kabla hata ya Windows. Mwaka 2023 kulikuwa na prosesa za X3D za 7000 zilizoungua kwa sababu madabodi zilikuwa zinapitisha voltiji kubwa kwenye SoC, sehemu ya prosesa inayoshughulikia RAM, AMD wakaleta BIOS ya kuizuia isizidi volti 1.3, tangu hapo mimi sikubali kuanza kazi na BIOS ya kiwandani. Fanya hilo ukiwa kwenye UPS, umeme ukikatika katikati ya BIOS ni balaa.

Waya wa GPU sukuma mpaka usikie umegota na usione nafasi yoyote ukiangalia kwa tochi, alafu usiukunje karibu na konekta, acha unyooke kidogo kwanza. Zile kadi zilizoyeyuka konekta kuanzia 2022, nyingi waya ulikuwa haujaingia mpaka mwisho.

Windows weka 11, ya 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Washa EXPO, alafu kabla hujaweka hata klipu moja ya mteja pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mzima. Ikionyesha kosa hata moja rudisha hivyo vijiti viwili kwa aliyekuuzia, usishushe kasi ukasema nitavumilia.